NGUO INAYOGEUKA RANGI HAICHUKUI NAFASI YA MACHO YAKO

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumba, na wewe kijana unayesoma gazeti la baba yako,

Siku hizi katika simu tunaona picha za nguo za ajabu. Shati linakuwa jeupe mwili ukipata joto. Koti lina nyuzi zinazopitisha umeme. Kofia inajua kama shofere anataka kusinzia. Watu wanaulizana katika gari la posti: "Nguo hizo zitafika kwetu lini? Zikifika, gesi haitatuua tena?"

Swali hilo ni zuri, na ukurasa wetu wa Usalama na Afya unataka kulijibu waziwazi. Maoni yetu ni haya: nguo hizo zikija, tuzipokee. Lakini tuzipokee kama msaidizi, si kama mlinzi. Na kabla hata mtu mmoja hajazivaa, sherti tupatane juu ya mambo matatu: zinaona nini na hazioni nini, nani atasoma habari zake, na nani atazifua. Tusipopatana mapema, nguo nzuri itatuletea ugomvi na hatari mpya.

NGUO HIZO NI NINI?

Ziko za aina mbili, na inafaa kuzitofautisha.

Aina ya kwanza inageuka rangi yenyewe, bila umeme. Ndani ya kitambaa wametia punje ndogo sana, ndogo kuliko unga. Kila punje imefunga vitu vitatu: rangi, asidi hafifu, na mafuta. Mafuta yakiwa yameganda, rangi na asidi zinashikana, na rangi inaonekana. Mafuta yakiyeyuka, zinaachana, na rangi inapotea. Mama, wewe unajua jambo hilo kwa mafuta ya mawese. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni yanaganda katika chupa. Ukiweka chupa karibu na mbabula yanalainika. Ni kazi ileile, lakini imefungwa ndani ya uzi.

Nguo za namna hiyo si mpya. Mwaka 1991 kampani moja ya Seattle, Marekani, jina lake Generra, iliuza mashati ya Hypercolor. Ukiweka mkono kifuani mwa mtu, alama ya vidole inabaki pale kwa rangi nyingine. Vijana waliyanunua kwa wingi katika miezi michache. Lakini shati lilionyesha pia kila mahali penye jasho, hata makwapani, na wengi waliona haya. Na lilipofuliwa kwa maji ya moto, au kupigwa pasi, punje ziliharibika na mchezo ukaisha. Mwaka 1992 kampani ile ilikuwa imefilisika. Kumbuka neno hilo la kufua; tutalirudia.

Aina ya pili inatumia umeme. Nyuzi zake ni nailoni iliyopakwa fedha, au chuma chembamba kisichoshika kutu, au shaba. Nyuzi hizo zinapeleka habari kutoka kwenye vipimo vidogo vilivyoshonwa kifuani au mkononi: mapigo ya moyo, pumzi, joto la mwili. Mwaka 1996, katika chuo cha Georgia Tech kule Marekani, walianza kutengeneza shati la namna hiyo kwa ajili ya jeshi la majini. Shati lilitakiwa kujua risasi imempiga askari wapi, na moyo wake unaendaje. Mwaka 2017 Levi's na Google waliuza koti ambalo mkono wake wa nguo uliamrisha simu. Bei yake ilikuwa dola 350. Mwaka 2023 Google ilisimamisha programu ya koti hilo, nalo likabaki koti tu. Hapo pana fundisho: nguo inaweza kuwa nzima kabisa, lakini akili yake inakaa mikononi mwa muuzaji wa mbali. Siku anapochoka, nguo inakuwa bubu.

SHABA YAKO INARUDI KWAKO

Simama kidogo hapa, mfanyakazi. Fedha ndiyo ya kwanza kati ya metali zote kwa kupitisha umeme. Ya pili ni shaba, na bei yake ni ndogo sana kuliko fedha. Betri ndogo inayolisha nguo hizo mara nyingi ina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika ardhi ya Congo. Kwa hiyo jiwe unalotoa leo linaweza kurudi siku moja kama uzi katika shati lako.

Wengine watasema: "Basi, tujivune." Kujivuna si vibaya. Lakini anayechimba ana haki ya kufanya zaidi ya kujivuna. Ana haki ya kuuliza. Mtu akikuletea shati la nyuzi za shaba na kusema litakulinda, wewe unayeijua shaba muulize: "Na jasho je?" Unajua namna shaba inavyoota kijani ikikaa na maji na chumvi. Jasho la posti moja shimoni lina vyote viwili. Uzi uliopakwa vizuri utadumu zaidi; uzi wa bei ndogo utakufa mapema. Na uzi uliokufa haupigi kelele. Unanyamaza tu, na mwenye kuvaa anafikiri kimya hicho ni habari njema.

RANGI NI RAFIKI WA ZAMANI WA MCHIMBAJI

Tusiwe watu wa kukataa kila kitu kipya. Rangi imeokoa wachimbaji wengi tangu zamani.

Katika migodi ya makaa ya Uingereza walishuka na ndege mdogo wa manjano, kanari, kwa sababu gesi ya CO haina harufu wala rangi. Mwanachuoni John Scott Haldane ndiye aliyeshauri jambo hilo mwishoni mwa karne ya 19. Ndege anapumua haraka kuliko mtu, kwa hiyo anaanguka mapema, na watu wanapata nafasi ya kukimbia. Waingereza waliwaacha ndege hao mwaka 1986 tu, walipoweka vyombo vya umeme mahali pao. CO ni adui yetu pia. Inatoka katika moshi wa mashini na katika moshi wa dinamiti. Ndiyo sababu mnakatazwa kurudi mahali palipolipuliwa kabla hewa haijasafishwa.

Kisha kuna gesi ya H2S, ile yenye harufu ya yai lililooza. Wafanyakazi wa viwanda vya kusafisha madini wanaijua. Kule wanatumia dawa inayoitwa NaHS ili madini yapande na povu. Dawa hiyo ikikutana na asidi, H2S inatoka kwa wingi. Wengi wanasema: "Nitaisikia kwa pua." Ndugu, hapo ndipo mtego. Ikiwa kidogo, pua inaisikia. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni moja ya hewa, pua inakufa kwa dakika chache. Harufu inapotea, nawe unafikiri gesi imeondoka, kumbe imezidi. Watu wa kemia tangu zamani wana karatasi iliyolowekwa katika chumvi ya risasi. Ikikutana na H2S inakuwa nyeusi. Karatasi hiyo haidanganywi kama pua. Kitambaa chenye dawa ya namna hiyo, kikishonwa kwenye salopeti, kinaweza kuonyesha jambo ambalo pua imeshindwa kulionyesha. Hiyo ni faida ya kweli, na hatuikatai.

Hata gile ya rangi ya machungwa unayovaa leo ni nguo ya akili kwa namna yake. Mchana rangi yake inakamata mwanga na kuurudisha kwa nguvu. Usiku ile mikanda yake ya kung'aa ina shanga ndogo sana za kioo, zinazorudisha mwanga wa taa kwa shofere aliyeutuma. Haina betri wala programu. Mvaaji anaitiwa "mtu yuko hapa" kabla kamyo haijamfikia.

LAKINI HAZIONI KILA KITU

Sasa tuseme udhaifu. Muuzaji hatausema, ni mapashwa yetu kuusema.

Kwanza, vumbi. Vumbi letu ni jekundu juu ya ardhi, kijani penye malakiti, jeusi penye kobalti. Nguo inayosema kwa rangi itasema nini ikiwa imefunikwa na rangi hizo tangu saa ya kwanza ya posti? Hata mikanda ya gile inaacha kung'aa ikishika matope. Na shimoni, taa ikiwa ya manjano, nyekundu haionekani kama inavyoonekana juani.

Pili, macho. Kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, hasa wanaume, na wengi wao hawajui. Mtu huyo anaona vizuri, anasoma, anaendesha. Lakini umwambie "kijani ni salama, nyekundu ni kifo", naye anaona rangi moja tu. Si kosa lake. Nguo ya kugeuka rangi isigawiwe kabla lopitali haijapima macho ya wote watakaovaa na wote watakaokuwa karibu nao.

Tatu, mahali. Shati liko kifuani. Lakini H2S ni nzito kuliko hewa. Inakaa chini, katika mashimo, katika mitaro, katika matangi. Mtu akiinama kuokota ufunguo, kichwa chake kinaingia katika hewa nyingine kabisa. Na hakuna anayeona mgongo wake mwenyewe. Nguo inayogeuka rangi inasaidia watu wawili wanaotazamana. Haimsaidii mtu aliyeachwa peke yake.

Nne, joto. Mwezi wa Oktoba katika kariyeri, jua peke yake linatosha kugeuza shati la joto tangu asubuhi. Shati halijui kama joto linatoka juani au katika damu yako. Mwili wa mtu mzima unakaa karibu na digrii 37. Ukifika 40 na akili ikaanza kuchanganyika, hiyo ni hatari ya kufa, na sherti apozwe palepale kwa maji na kivuli huku lopitali ikiitwa. Kitambaa cha nje hakipimi jambo hilo. Mwenzako analipima vizuri zaidi akikuuliza jina la mke wako nawe ukashindwa kujibu.

Ndiyo sababu tunasema chombo cha kupima gesi, kile kinachofungwa kifuani, bado kinashinda shati. Kinapiga kelele kwa ajili ya sikio, kinatikisika kwa ajili ya ngozi, kinawaka kwa ajili ya macho. Njia moja ikiziba, mbili zinabaki. Nguo yenye njia moja tu isipewe kazi ya njia tatu.

NGUO NI KITU CHA MWISHO

Hapa ndipo moyo wa maoni yetu. Kila mtu aliyesoma kazi ya usalama anajua mfuatano wake. Kwanza ondoa hatari. Ikishindikana, weka mahali pake kitu kisichodhuru sana. Kisha itenge: peleka hewa safi, mwaga maji juu ya vumbi, zungushia mashini ukuta. Kisha panga kazi na ufundishe watu. Mwisho kabisa, mvalishe mtu.

Nguo ni ya mwisho kwa sababu rahisi: inangoja hatari imfikie mtu ndipo ifanye kazi. Shati likigeuka rangi, gesi imekwisha kufika kifuani pako. Mashini ya hewa ikifanya kazi, gesi haifiki.

Hofu yetu ni hii. Shati jipya linaonekana. Linapigwa picha, linawekwa katika gazeti, wageni wanalishangilia. Mashini ya hewa iko gizani, haipigwi picha. Siku mkubwa wa kazi ana fedha za kitu kimoja tu, atanunua nini? Tunawaomba wakubwa wetu kwa heshima: msinunue shati mahali pa hewa. Anayenunua mwavuli na kuacha paa likivuja hajajenga nyumba.

NANI ATASOMA MOYO WAKO?

Jambo la pili ni zito, na halizungumzwi vya kutosha.

Nguo ya umeme inajua mengi. Inajua moyo wako ulipiga mara ngapi, ulisimama wapi, ulipumzika dakika ngapi. Huko Australia wametengeneza mkanda wa ndani ya kofia, unaoitwa SmartCap, unaosoma umeme wa ubongo na kumwonya shofere wa kamyo kubwa ya mgodi kabla hajasinzia. Kazi nzuri hiyo. Shofere anayelala juu ya usukani hajiui peke yake. Anaweza kuwaua waliomo njiani. Hatuwezi kusema usingizi wake ni siri yake.

Lakini fikiri. Habari ya usingizi ikienda moja kwa moja ofisi ya malipo, kitatokea nini? Shofere wa kwanza atakatwa mshahara. Wa pili atajifunza kuivua kofia. Wa tatu atamvalisha mwenzake. Baada ya mwezi mmoja kompyuta itaonyesha kwamba hakuna mtu anayesinzia katika mgodi mzima, nazo kamyo zitaanguka kama zamani. Adhabu haiondoi usingizi. Inauficha tu.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni tatu, na tungependa delege wenu azichukue mkutanoni:

Ya kwanza: onyo limfikie mvaaji kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni mwili wake.

Ya pili: habari za mwili zikae lopitali, chini ya kiapo cha mganga, kama karatasi za ugonjwa zinavyokaa. Kapita aambiwe neno moja tu: "Mtu huyu apumzike." Hana haja ya kujua moyo ulipiga mara ngapi.

Ya tatu: aliyepumzishwa na nguo asipoteze mshahara wa saa hizo. Akipoteza, nguo imekuwa polisi, na hakuna mtu anayempenda polisi ndani ya shati lake.

Nanyi wafanyakazi, nanyi mna mapashwa. Kanuni hizo zikikubaliwa, usimwazime mwenzako nguo yako. Usiitundike kwenye msumari ukaenda kazini bila yake. Usiikate waya kwa kuwa inakuwasha. Sema kwamba inakuwasha. Nguo iliyodanganywa itamdanganya mganga, na mganga aliyedanganywa hawezi kukuponya.

MAMA, NENO HILI NI LAKO

Jambo la tatu liko nyumbani, katika beseni.

Kwa miaka mingi salopeti ya baba imerudi nyumbani na vumbi lake. Mama anaikung'uta uani, watoto wanacheza pale. Anaifua katika beseni lilelile la nguo za mtoto. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu katika jimbo letu. Waliokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilomita tatu, walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini, na watoto walikuwa nayo kuliko watu wakubwa. Vumbi hilo lina njia nyingi: upepo, maji, mboga, ardhi. Hatusemi salopeti ndiyo njia yote. Tunasema ni njia moja ambayo tunaweza kuifunga kesho asubuhi.

Sasa nguo mpya inakuja na masharti yake. Haitaki maji ya moto. Haitaki javeli. Haitaki pasi ya makaa. Betri sherti itolewe kwanza. Kila nguo ya namna hiyo ina hesabu ya kufuliwa: baada ya mara kadhaa inakuwa kitambaa cha kawaida, ingawa kwa macho ni ileile. Hata gile yako ya machungwa inaweza kuwa na hesabu hiyo. Geuza upande wa ndani usome kipande kilichoshonwa pale. Nani atahesabu katika beseni la uani? Mama ana maji ya kuteka, bukari ya kupika, watoto wa kupeleka shule. Si haki kumtwika na kazi ya kutunza chombo cha usalama cha kampani.

Jibu letu ni wazi: kampani inayotaka kuvalisha watu nguo za akili, kwanza ijenge mahali pa kufulia kazini. Nguo za kazi zivuliwe pale, mtu aoge, avae nguo safi, arudi kwa watoto wake. Hilo lingekuwa faida hata kama nguo za kugeuka rangi hazitakuja kamwe. Tukilipata hilo peke yake, mazungumzo haya yote yatakuwa hayakupotea.

Na betri, mama, angalia. Nguo ya umeme ikichakaa itauzwa, kwa kuwa kila kitu kinauzwa. Itafika sokoni, itashonwa tena, mtoto atavaa. Betri ndogo iliyosahauliwa ndani yake ikitobolewa au kutupwa motoni inaweza kuwaka kwa ghafula. Ikivimba kama mkate, usiiguse kwa kisu. Itenge mbali na moto na watoto, uirudishe kwa watu wa usalama. Nguo za kazi zilizochakaa zirudi magazini zikahesabiwe. Zisifike sokoni.

TUFANYE NINI LEO?

Pengine utasema: "Nguo hizo hazijafika kwangu. Mimi nina salopeti ya bluu na kaske ya miaka miwili." Vema. Basi tuanze na ulizo nazo.

1. Panguza mikanda ya gile yako kwa kitambaa chenye maji mwanzo wa kila posti. Mwombe mwenzako akuangaze kwa taa kutoka mbali. Asipoona mng'ao, dai nyingine.

2. Usishuke katika tangi, mtaro au chumba kilichofungwa bila chombo cha kupima gesi na bila mtu wa kukulinda juu. Pua haihesabiwi kuwa chombo.

3. Ukiona mwenzako ameanguka ndani ya shimo la gesi, usiruke kumfuata. Wengi wamekufa wawili na watatu kwa upendo huo. Piga kelele, ita waokoaji wenye hewa yao.

4. Mweleze kapita ukisikia kichwa kinauma ghafula, wewe na wenzako pamoja. Vichwa vitatu vikiuma mahali pamoja, si malaria. Tokeni.

5. Kung'uta bote na kuvua salopeti kabla ya kuingia nyumbani. Fua nguo za kazi peke yake, baada ya kuzilowesha, na usizikung'ute zikiwa kavu.

6. Mwombe mganga akupime macho ya rangi. Ni kazi ya dakika chache, haiumi, na utajua jambo usilolijua juu yako.

Ndugu msomaji, watu wa maarifa wataendelea kushona nyuzi zao, nasi tunawatakia heri. Siku wakituletea shati linaloona gesi mapema, lisilokufa kwa jasho, linalofuliwa kazini, na linalotunza siri ya moyo wetu, tutalivaa kwa furaha. Ndani yake kutakuwa na shaba yetu.

Lakini hata siku hiyo, kabla ya kushuka, mtazame mwenzako usoni. Midomo yake ikiwa na rangi isiyo ya kawaida, macho yake yakiwa mekundu, maneno yake yakigongana, umekwisha kuona mgeuko wa rangi ulio wa kwanza kuliko yote. Huo hauna betri, na hakuna kampani ya mbali inayoweza kuuzima. Unataka tu mtu mmoja anayemjali mwenzake na asiyeogopa kusema: "Leo usishuke."

Usalama kwanza. Kazi njema, na wote warudi nyumbani.